Santuri za Miaka ya Dhiki na Nyimbo za Parokia Zetu



Ukikaa barazani jioni hapa Kasingirima utasikia muziki wa namna nne kabla giza halijaingia. Kwenye nyumba ya arusi wanapiga taarabu. Kwenye kibanda cha kuchaji simu wanapiga rumba, maana ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kwa jirani Mkristo kuna kwaya. Na kwa mzee mwenye redio ya zamani, hasa Jumapili mchana, anaimba Jim Reeves, Mmarekani aliyefariki mwaka 1964 lakini ambaye kwetu bado hajazikwa.

Muziki huo wa mzee huitwa kantri. Wengi wanaupenda bila kujua ulikotoka, na wengine huuliza kama unamhusu mwanaseminari hata kidogo. Makala hii inajibu maswali hayo mawili. Tutaona kwamba kantri, taarabu ya Kiswahili na rumba la Kongo, kwa jinsi tunavyozisikia leo, zote zilipitia mlango mmoja: santuri zilizotolewa kati ya mwaka 1927 na 1939, miaka ambayo uchumi wa dunia ulianguka na watu wa kawaida wakateseka. Muziki wa nne, yaani kwaya, ni wetu wenyewe. Huo tutauzungumzia mwishoni, kwa sababu ndio ulio hatarini.

Santuri ilikuwa kitu gani

Santuri za wakati huo zilikuwa sahani nyeusi, nzito na rahisi kuvunjika. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaotokana na wadudu wa miti ya India, ukichanganywa na vumbi la mawe. Zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, usizidi sana. Gramafoni yenyewe haikuhitaji umeme: ulizungusha mkono wa pembeni kukaza springi, ukaweka sindano ya chuma juu ya sahani, sauti ikatoka kwenye pembe au sanduku. Sindano ililika haraka, ikabidi kubadilishwa mara kwa mara.

Mambo mawili hapa ni muhimu. Kwanza, kwa kuwa mashine haikuhitaji umeme, iliweza kufika hata kijijini. Pili, dakika tatu ziliwalazimisha waimbaji kufupisha. Wimbo ambao ngomani ungeimbwa saa nzima, kiongozi akitunga papo hapo na watu wakiitikia, ulipaswa kukatwa uingie kwenye sahani. Kuanzia mwaka 1925 makampuni yalianza kutumia maikrofoni ya umeme badala ya kuimbia kwenye pembe, kwa hiyo hata sauti ya chini na ya upole ikaweza kunaswa. Bila mabadiliko hayo, muziki tunaoueleza usingesikika vizuri.

Mji wa mpakani, mwaka 1927

Mwezi Mei 1927, meli ya Liemba, iliyokuwa imezamishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kisha ikaopolewa, ilirudi kazini katika Ziwa Tanganyika. Miezi miwili baadaye, mbali sana na hapa, mtu mmoja aitwaye Ralph Peer alifika katika mji wa Bristol huko Marekani, mji uliokaa juu ya mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia. Alitumwa na kampuni ya Victor. Alifunga mitambo yake ghorofani katika jengo la biashara ya kofia, akatangaza kwamba anatafuta waimbaji wa milimani.

Watu wa milima ile walikuwa maskini: wakulima wa vishamba vidogo, wachimba makaa, wafanyakazi wa reli. Watu wa mijini waliwadharau, na hata makampuni ya santuri yaliuita muziki wao kwa jina la kejeli. Lakini walikuwa na hazina kubwa ya nyimbo: za mababu kutoka Uingereza, Scotland na Ireland, za makanisani, na nyingi walizojifunza kwa Wamarekani weusi. Hata banjo, chombo kinachodhaniwa kuwa cha Wazungu wa milimani, asili yake ni vyombo ambavyo Waafrika waliochukuliwa utumwani walivikumbuka na kuviunda upya.

Katika siku zile chache za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti walipatikana wawili ambao dunia inawakumbuka hadi leo. Wa kwanza ni familia ya Carter: A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Wa pili ni Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1897, aliyewahi kuwa mfunga breki wa treni. Sisi wa Kigoma, ambako Reli ya Kati inakoishia tangu mwaka 1914, tunaijua kazi ya reli. Rodgers aliiacha kwa sababu ya kifua kikuu, na gitaa likawa riziki yake.

Mtindo wake uliomtofautisha ni kuvunja sauti: kuruka ghafla kutoka sauti ya kifuani hadi sauti nyembamba ya kichwani na kurudi, kama wafanyavyo wachungaji wa milima ya Uswisi. Akauchanganya na buluzi ya watu weusi. Mwaka 1930 alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri mweusi, wakati ambapo makampuni yalitenga santuri za weusi na za weupe katika orodha tofauti.

Uchumi ulipoanguka

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka, ukafuata Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Santuri ni kitu ambacho mtu huacha kukinunua mara mfuko unapokauka. Inakadiriwa kwamba mwaka 1927 ziliuzwa Marekani santuri zaidi ya milioni 100, na mwaka 1932 zilikuwa zimeshuka hadi milioni 6 hivi. Mwaka 1931 huko Uingereza makampuni mawili makubwa yaliyokuwa yakishindana, Gramophone na Columbia, yaliungana kuwa EMI ili yasife.

Je, muziki wa maskini ulikufa? Haukufa. Makampuni yalishusha bei: santuri iliyouzwa senti 75 ikapata mwenzake wa senti 35. Redio nayo ikasambaa, na ukiwa nayo humlipi mtu kwa kila wimbo. Zaidi ya yote, nyimbo zenyewe zilisema yale watu waliyokuwa wakiyapitia: treni inayompeleka mtu asikokujua, mama aliyefariki, shamba lililopotea, jela, ugonjwa, na tumaini la kukutana tena mbinguni. Rodgers aliimba waziwazi juu ya kifua kikuu kilichokuwa kikimla. Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa dhaifu kiasi kwamba ilibidi awekewe kitanda apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 Mei, siku mbili baada ya kumaliza. Alikuwa na miaka 35.

Kwa mtu anayejiandaa kuwa padre, hapa pana somo la kichungaji. Watu waliokosa mkate walitoa senti zao kusikiliza wimbo wa huzuni, ambao haukuwaongezea mkate hata kidogo. Walitaka kujua kwamba kuna mwingine anayelijua chozi lao. Zaburi nyingi ni za namna hiyo. Waisraeli waliotundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli walipata wimbo katika kilio kilekile cha kushindwa kuimba. Mchungaji anayekimbilia kuwaambia waliofiwa wafurahi, kabla ya kulia nao, hajaifahamu Zaburi wala hajawafahamu watu.

Kwetu: Siti na manamba

Sasa turudi upande wetu wa bahari. Mwaka 1928, mwaka mmoja baada ya Bristol, kampuni ya Gramophone ilimsafirisha mwanamke mmoja wa Zanzibar pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, India, kurekodi kwa Kiswahili. Huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mjini akiviuza, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi vyungu ndiyo iliyomtangulia kabla hajajulikana kwa uimbaji. Aliishi Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Zanzibar. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950.

Kabla yake, taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na pamoja na mapenzi akaimba mambo ya mitaani: dhuluma, rushwa, wanawake wanaoonewa. Wimbo wake uitwao Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke mgeni na jinsi haki ilivyopinda. Baada ya santuri za kwanza kupata soko, makampuni mengine nayo yaliwafuata waimbaji wa pwani. Kisha Mdororo ukafika, na baada ya mwaka 1931 safari za kurekodi Afrika Mashariki zikapungua sana.

Huku bara Mdororo ulikuwa na sura ya mkonge. Wanaume wengi wa Buha walikuwa wakisafiri kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro kutafuta fedha ya kodi. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba. Bei ya mkonge ilipoanguka duniani, mishahara ilipunguzwa na kazi zikawa chache, lakini kodi iliendelea kudaiwa. Hawa ndio wenzao wa kweli wa wale wakulima wa Tennessee. Nao waliimba njiani, kambini na kazini. Lakini hakuna Ralph Peer aliyewafuata na mitambo kutoka Kasulu hadi Tanga. Waliporudi, nyimbo zao zilirudi vichwani mwao, na wengi wamezikwa nazo.

Chemirocha

Upande wa Kenya kuna kisa kinachounganisha pande zote mbili za habari hii. Santuri za Jimmie Rodgers zilifika kwa Wakipsigis wa eneo la Kericho. Mwaka 1950, miaka 17 baada ya kifo chake, mtafiti Hugh Tracey alikuwa Kapkatet akirekodi muziki wa wenyeji. Vijana wakamwimbia nyimbo zenye jina Chemirocha. Hilo ni jina la Jimmie Rodgers lililopita katika ulimi wa Kikipsigis. Katika wimbo mmoja wa wasichana, Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swala, anayealikwa aje kucheza. Chombo kilichopigwa kilikuwa zeze lao la asili, na mwendo wa wimbo ulikuwa wa kwao.

Tracey alizihifadhi sauti hizo, zikawekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Katika muongo wa 2010 nakala zilirudishwa Kenya kwa watu wa eneo lile.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, kana kwamba wasichana wale hawakuelewa. Mimi nakiona kwa namna nyingine. Walisikia sauti inayopanda na kushuka ghafla, ikitoka kwenye sanduku lisilo na mtu. Hawakuiogopa wala hawakuiiga kama kasuku. Walimpokea mgeni, wakamkalisha katika wimbo wao wenyewe. Tunapozungumzia utamadunisho katika madarasa yetu, tunazungumzia jambo linalofanana na hilo, kwa kitu kikubwa zaidi: Injili ipokewe kwa uaminifu, isikike kwa zeze la nyumbani. Tofauti ni kwamba Chemirocha waliweza kumgeuza wapendavyo. Kristo hatugeuzi sisi tupendavyo. Yeye ndiye anayetugeuza.

Na ng'ambo ya ziwa? Mwaka 1933, katikati ya Mdororo, kampuni ileile ya Uingereza ilianza kuuza Afrika santuri za muziki wa Kuba zenye alama GV. Muziki wa Kuba ulikuwa na mizizi ya Kiafrika, ukarudi bara kama ndugu aliyepotea. Wakongo walipousikia waliutambua, wakauchukua, na ndani ya miaka michache walikuwa na rumba lao. Ndiyo linalosikika leo kwenye kibanda cha kuchaji simu.

Nani aliandikwa jina

Kuna upande wa pili ambao haufurahishi. Baada ya Bristol, A.P. Carter alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za kurekodi. Alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa amepoteza mguu katika ajali kazini. Carter aliandika maneno, Riddle alishika sauti kichwani, kisha akawafundisha akina Carter. Santuri zilipotoka, nyimbo nyingi ziliandikwa jina la A.P. Carter. Jina la Riddle halikuwapo. Wimbo wao mashuhuri wa mwaka 1935 kuhusu mazishi ya mama ulitokana na wimbo wa kanisani uliokuwa umetungwa miaka mingi kabla.

Huku Afrika, mwaka 1939, Mzulu Solomon Linda alirekodi Johannesburg wimbo uitwao Mbube, yaani simba. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine na kuwatajirisha wengi. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Mabinti zake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu.

Amri ya Saba haiishii kwenye kuku na mahindi. Kazi ya akili ya mtu ni mali yake na ya watoto wake. Hapa ndipo kwaya zetu zinapoingia. Nani kati yetu hajaimba kwa nota zilizorudufiwa mara kumi, mpaka jina la mtunzi lililokuwa juu ya karatasi limekatika au limefutika? Kwaya inarekodi albamu, inaiuza, na mtunzi, ambaye labda ni katekista mzee wa parokia ya jirani, anausikia wimbo wake kwenye basi bila kutajwa. Hatukukusudia kuiba, lakini yeye ameibiwa.

Kanisa linasema nini, na tufanye nini

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba watu wa nchi za misioni wana muziki wao wenye nafasi kubwa katika maisha yao ya dini na ya jamii, na kwamba muziki huo upewe heshima na nafasi inayostahili hata katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa hiyo jambo hili si geni, na si la kuagizwa kutoka nje.

Lakini tutofautishe. Si kila wimbo unaofariji ni wa Misa. Wimbo wa Rodgers juu ya treni unaweza kumliwaza mgonjwa nyumbani, ila hauna kazi wakati wa Komunyo. Wimbo wa liturujia unalitumikia tendo takatifu na maneno yake yanapatana na imani. Wimbo wa barazani unatumikia urafiki, kazi na kumbukumbu. Vyote viwili vina heshima, kila kimoja mahali pake.

Kwa waseminari na wanakwaya napendekeza mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila nota inayonakiliwa ibebe jina la mtunzi, parokia yake na mwaka. Kama jina limepotea, ulizeni mpaka lipatikane. Andikeni "mtunzi hajulikani" pale tu mlipokwisha kuuliza.

Pili, kabla ya kurekodi wimbo wa mtu kwa ajili ya kuuza, ombeni ruhusa kwa maandishi na mkubaliane sehemu yake. Tangu mwaka 1999 Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia haki hizo.

Tatu, rekodini wazee. Simu iliyo mfukoni mwako ina uwezo kuliko mitambo yote ya Bristol. Nenda kwa bibi anayekumbuka nyimbo za Kiha za mavuno, za kubembeleza mtoto, za msiba, na kwa katekista anayekumbuka nyimbo za kwanza za misioni. Ukumbuke kwamba Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, na wazee wetu wamebeba vichwani urithi wa vizazi kadhaa. Omba ruhusa kwanza. Kisha mwache mzee ajitaje jina, mahali na aliyemfundisha. Sekunde 20 hizo zina thamani kubwa kama wimbo wenyewe.

Nne, nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja: parokiani, seminarini, na kwa familia ya mzee. Simu huibiwa na kadi huharibika.

Hitimisho

Santuri zile za miaka ya dhiki zilihifadhi sauti ya mfunga breki mgonjwa na ya muuza vyungu, na baadaye Tracey akahifadhi ya wasichana wa Kapkatet. Watu hao hawakuwa wakubwa wa dunia. Tunawajua kwa sababu mtu alikuja na mashine akawasikiliza, ingawa mara nyingi alikuja kwa ajili ya biashara. Sisi tuna sababu iliyo bora kuliko biashara.

Manamba wa Buha waliandikwa kwa namba, na nyimbo zao nyingi zimekwenda nao. Wajukuu wao wako katika madawati yetu ya kanisa kila Jumapili, na baadhi ya wazee waliowasikia wakiimba bado wanaishi. Msimu wa mvua ujao tutakuwa tumewazika wengine. Likizo hii, mwanaseminari, kabla hujamtembelea mtu yeyote, kaa na mzee mmoja wa kigango chako na umwombe aimbe.